Kiti Kisichogombewa

Mwaka 1960 Tanganyika ilichagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 71. TANU ilipata 70, na katika hivyo 58 havikugombewa na mtu. Watu walishangilia, nao walikuwa na haki, maana ushindi ule ndio uliofungua mlango wa Uhuru. Hata hivyo raia waliohusika na viti vile 58 walipata mjumbe wasipate kura, na kiongozi wa chama kilichoshinda hakulidharau jambo hilo.

Wako wasemao kwamba Mwalimu Nyerere aliikataa demokrasia ya Wazungu kwa kutoijua. Hawamjui wanayemsema. Alisoma Makerere, kisha Edinburgh hadi mwaka 1952. Vitabu vya John Stuart Mill juu ya uhuru wa mtu alivijua tangu ujana. Hata insha yake ya Makerere juu ya uhuru wa wanawake ilimfuata Mill huyo.

Katika kijitabu chake cha mwaka 1963 juu ya demokrasia na vyama, hakuanza kwa kuhesabu vyama. Alianza kwa kuuliza demokrasia yenyewe ni kitu gani, akaona kuwa ni watu walio sawa kujadili mambo yao kwa hiari. Kisha akagusa penye kidonda. Chama kimoja kikiwa na nguvu kupita vyote, wakubwa wake wakateua mgombea, na mgombea akapita kama maji mferejini, mwananchi ameachiwa kuchagua nini? Na mbunge akikatazwa kusema kinyume cha chama, Bunge linajadili nini?

Jibu lake lilionekana Septemba 1965. Ndani ya chama kimoja, wagombea wawili waliwekwa mbele ya wapiga kura, mmoja kwa alama ya jembe, mwenziwe kwa alama ya nyumba. Walihutubia mikutano pamoja, wakakatazwa kutafuta kura kwa kabila, rangi au dini. Mawaziri wawili walianguka, mmoja wao Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani. Huko Morogoro Bwana Amir Jamal, mwenye asili ya Kihindi, alimshinda mshindani Mwafrika. Twaona fahari kulikumbuka hilo, maana si nchi nyingi zenye vyama viwili ambazo wakulima wake wangefanya vile.

Lakini Mill angeuliza swali la pili: mtu mmoja asiyekubaliana na wote analindwa na nani? Hapo, kwa maoni yetu, hoja ya Mwalimu ilipungukiwa. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila hukumu ilitungwa mwaka 1962. Tume ya chama kimoja haikutaka haki za raia ziandikwe katika Katiba, nazo hazikuingia humo hadi mwaka 1984. Wazee chini ya mti huzungumza mpaka wakubaliane, ni kweli. Ila yule anayekataa mpaka jioni naye apate kurudi nyumbani kwake salama.

Mwalimu hakuishia kwenye fikra za mwaka 1963. Tangu mwaka 1990 alisema hadharani kuwa kuzungumzia vyama vingi si kosa. Tume ya Jaji Nyalali ilipokuta karibu asilimia 80 ya waliohojiwa wakitaka chama kimoja, yeye alisimama upande wa wale wachache, na sheria ikabadilishwa mwaka 1992.

Vyama sasa ni vingi, na hata hivyo tumesikia watu wakipongezana kwa kupita bila kupingwa, kama kwamba ndio ushindi mkubwa kuliko wote. Wanachama na wafanyakazi wana haki ya kusimama katika mkutano wa tawi, jina moja likiletwa, waulize jina la pili liko wapi, na kama liliondolewa, liliondolewa na nani na kwa kifungu gani.