UKURASA WA NYUMBANI: Baba Anapokwenda Jangwani Kiangazi Kikiisha



Mama mmoja wa kambi ya polisi hapa Kampala ametuandikia kwamba mumewe, aliyekwisha kustaafu, amepata mkataba wa ulinzi katika Falme za Kiarabu, naye ataondoka Entebbe katikati ya Septemba. Wakala amemtuliza kwa kumwambia kuwa kiangazi cha huko kitakuwa kimekwisha. Mama anauliza amfungashie nini. Tunamjibu hadharani, kwani nyumba zenye swali hilo ni nyingi.

Kwanza, wakala amesema nusu ya ukweli. Waarabu wa Ghuba huitazama nyota ya Suheli, ambayo huanza kuonekana alfajiri mwishoni mwa Agosti, nao huihesabu kuwa dalili ya joto kupungua. Lakini kupungua si kwisha. Katika mwezi wa Septemba mchana wa Dubai bado hukaribia digrii 39, na usiku aghalabu haushuki chini ya 27, yaani usiku wao ni kama mchana wetu wa Kampala. Tena pwani ya Ghuba ina unyevu mwingi hewani, hata jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni sheria. Katika Falme za Kiarabu ni marufuku kumfanyisha mtu kazi juani tangu saa sita na nusu hadi saa tisa mchana, kuanzia tarehe 15 Juni hadi tarehe 15 Septemba. Huko Qatar marufuku huanza tarehe 1 Juni na kuisha siku hiyo hiyo ya 15 Septemba, nayo ni tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Sasa fikiri: mgeni anayetua tarehe 17 hulikuta jua lile lile, ila kinga ya sheria imekwisha ondoka. Wenzake wana miezi mitatu ya kulizoea. Yeye ana siku mbili. Mwili huhitaji juma moja hata mawili kulizoea joto, na hatari kubwa kabisa huwa katika siku za mwanzo. Kwa hiyo, ikiwezekana, aombe zamu ya usiku kwa majuma mawili ya kwanza. Kuomba hivyo si uvivu.

Hapa tuseme wazi. Askari mkongwe ana hatari yake mwenyewe, nayo ni uvumilivu. Amefundishwa kusimama lindoni bila kulalamika, na akisikia kizunguzungu huona haya kusema. Kichwa kikiuma, misuli ikikaza, moyo ukienda mbio, aketi kivulini, alegeze nguo na anywe maji. Mtu akianza kusema ovyo au kuanguka, hata kama bado anatoka jasho, huyo amepigwa na joto: amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na apelekwe hospitali mara moja, maana joto la mwili likipita digrii 40 ubongo huumia. Asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu.

Awapo kazini juani anywe bilauri moja ya maji kila baada ya dakika 15 au 20, asingoje kiu, wala asinywe lita nyingi kwa mkupuo. Akiwa ametoka jasho kupita kiasi, au akiharisha, yafaa maji ambayo kila mama anayajua: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Mama ameongeza, kama kwamba ni jambo dogo, kuwa mumewe anatumia dawa za shinikizo la damu. Si dogo hata kidogo. Baadhi ya dawa hizo hufanya kazi kwa kutoa maji mwilini. Hapana budi amwone daktari kabla ya safari, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Dawa zikae katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Vidonge vyenye kodeini au tramadoli havipiti bila kibali, na mairungi, hata majani machache yaliyosahaulika mfukoni, humpeleka mtu gerezani.

Chakula nacho kisidharauliwe. Wengi wetu tunao jamaa waliotumikia Mogadishu, ambako majeshi yetu yaliingia mwaka 2007. Katika miaka ya 2009 na 2010 askari zaidi ya 200 wa jeshi la Umoja wa Afrika huko walivimba miguu na wengine wakafa, na uchunguzi ukaonyesha ni beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1. Mwanamume anayejipikia wali mweupe peke yake kila siku, ili fedha yote ije nyumbani, anajiweka katika njia hiyo. Afungashiwe maharage na njugu zilizokaangwa, naye ajue kuvipika.

Nguo ziwe za pamba, nyepesi, za mikono mirefu, pamoja na kofia yenye ukingo mpana na sweta moja. Msicheke: vyumba vya huko hupoozwa kwa mashine hata mtu akatetemeka.

Kuhusu karatasi, pasi iwe na uhai wa zaidi ya miezi sita, na chanjo ya homa ya manjano ipatikane siku kumi kabla ya safari. Mwenye cheti cha zamani asilipie kingine, kwani tangu mwaka 2016 cheti hicho hakiishi muda. Viza ya matembezi si viza ya kazi. Jina la kampuni ya wakala liulizwe katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kabla ya kulipa chochote, na nakala ya mkataba ibaki kwa mama.

Mwisho, saa za Falme za Kiarabu zimetutangulia kwa saa moja. Akitoka zamu saa kumi na mbili jioni, hapa ni saa kumi na moja, na watoto wamekwisha rudi shuleni. Wampigie wakati huo, nao wamwulize amekunywa maji kiasi gani.