Mshauri wa wanafunzi si karani



Katika shule moja tuliyopata kufundisha, mvulana wa darasa la 8 alianza kusinzia kila siku saa ya hesabu. Mara ya kwanza tulimwonya. Mara ya pili tulimsimamisha mbele ya wenzake. Mara ya tatu tulimtuma kwa mkurugenzi wa nidhamu, naye akamrudisha nyumbani siku tatu. Mtoto hakuonekana tena shuleni. Baadaye tulipata kujua kwamba mama yake alikuwa mgonjwa, na kwamba mwana huyo alikuwa akiamka saa tisa za usiku kwenda kubeba magunia ya makaa sokoni, ili wadogo zake wapate kula. Hakuna mtu aliyemwuliza habari zake. Hata sisi hatukumwuliza, nasi tulikuwa tukimwona kila asubuhi.

Lakini shule hiyo ilikuwa na mshauri wa wanafunzi. Mtu huyo aliisomea kazi yake chuoni na kupata diploma. Siku zile zote tulimwona amekaa kwenye dirisha la ofisi akipokea fedha za masomo, au akinakili majina katika daftari, au akilishika darasa la mwalimu asiyefika. Mtu aliyewekwa ili awasikilize watoto hakupewa hata saa moja ya kuwasikiliza. Hatumlaumu yeye, wala hatusemi kwamba wakubwa wa shule walikuwa wabaya. Walimtumia hivyo kwa sababu hawakujua kazi yake ni nini. Basi, leo tunataka kuieleza kazi hiyo, maana kitu kisichojulikana hakiwezi kuheshimiwa.

Kazi ya kuwashauri wanafunzi haikuanza jana. Huko Marekani, katika mji wa Boston, alikuwako bwana mmoja aitwaye Frank Parsons, aliyesomea uhandisi, kisha akawa mwanasheria. Mwezi wa Januari 1908 alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Aliwaona vijana wengi wa mji wakishika kazi yoyote iliyokuwa karibu, bila kufikiri kama yawafaa, kisha wakiiacha na kutangatanga. Mafundisho yake yalikuwa na mambo matatu: kijana ajifahamu mwenyewe, yaani vipawa vyake na upungufu wake, azifahamu kazi zilizopo na mambo zinayoyadai, halafu alinganishe hayo mawili kwa akili. Parsons alifariki mwaka ule ule, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1909. Wakati huo, katika mji wa Grand Rapids, mkuu wa shule aitwaye Jesse Davis alikuwa ameanza mwaka 1907 kuwaagiza walimu wa lugha watumie somo moja la juma kuzungumza na wanafunzi juu ya tabia njema na kazi za mbele.

Serikali ya Marekani yenyewe iliamka kwa hofu. Tarehe 4 Oktoba 1957, Warusi walirusha angani Sputnik, mwezi wa kwanza uliotengenezwa na watu. Wamarekani waliogopa kuachwa nyuma katika sayansi. Mwaka 1958 walitunga sheria ya kutoa fedha nyingi kwa ajili ya masomo, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kuwafundisha washauri wa shule, ili wawatambue watoto wenye akili na kuwaelekeza vema. Washauri wenyewe walikuwa wameanzisha chama chao tangu mwaka 1952.

Pengine mtadhani kwamba baada ya hayo washauri wa Marekani walistarehe. Sivyo. Walilalamika kama yule wa shule yetu. Wakuu wa shule waliwapa kazi ya kupanga ratiba, kusimamia mitihani, kulinda chumba cha chakula, na kuandika karatasi zisizo na mwisho. Kila fedha ya shule ilipopungua, wao walikuwa wa kwanza kuondolewa, kwa kuwa watu waliuliza: « Hawa hufanya nini? » wala hapakuwa na jibu wazi.

Ndipo walipojifunza jambo ambalo tunaona lafaa sana kwetu pia. Kwanza walikuwa wakijitetea kwa kuhesabu shughuli zao: tumezungumza na wanafunzi kadha wa kadha, tumefanya mikutano kadha wa kadha. Hesabu hiyo haikumgusa mtu. Mwaka 2003 chama chao kilitoa mwongozo mpya wa kazi, uliowataka waonyeshe mabadiliko ya watoto. Je, waliokuwa wakikosa shule sasa wanakuja? Je, waliokuwa wakishindwa sasa wanafaulu? Mwongozo huo hutaka pia sehemu 80 katika 100 za saa za mshauri zitumike kwa ajili ya wanafunzi. Chama hicho husema kwamba mshauri mmoja yafaa awe na wanafunzi 250. Mwaka wa masomo 1986-1987, mshauri mmoja wa Marekani alikuwa na wanafunzi 588. Mwaka 2022-2023 walikuwa 385. Bado hawajafika, lakini wanasogea. Kila mwaka, katika mwezi wa Februari, wana juma zima la kuikumbusha nchi kazi yao.

Basi, turudi kwetu Kongo. Nia hii si ngeni hapa. Mageuzi ya shule ya mwaka 1961 yaliifanya miaka miwili ya kwanza ya sekondari kuwa miaka ya uelekezaji, ile « C.O. » ambayo baba na mama wengi wanaosoma ukurasa huu waliipitia. Maana yake ilikuwa njema: mtoto atazamwe miaka miwili kabla ya kuchaguliwa njia. Tangu sheria ya mwaka 2014, madarasa hayo ni la 7 na la 8, nayo yamo katika elimu ya msingi ya miaka 8. Mwisho wake watoto hufanya jaribio la taifa liitwalo TENASOSP, ambalo jina lake lenyewe lataja uelekezaji katika masomo na katika kazi. Tena, tangu mwaka 1971, huko Kisangani chuo kikuu kimekuwa na kitivo cha saikolojia na elimu. Nchi yetu haikukosa fikira wala wasomi.

Kinachokosekana ni saa moja na kiti kimoja. Baada ya jaribio, nani huketi na mtoto? Katika familia nyingi tunazozifahamu, opsio huchaguliwa jioni moja, kwa sababu mjomba alisoma biashara, au kwa sababu shule ya pedagojia iko karibu, au kwa sababu rafiki wa mtoto amekwenda huko. Tumemwona binti aliyependa mimea na dawa akipelekwa kujifunza kazi ya ukarani. Miaka minne akayasoma masomo yasiyomgusa moyo. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote walimpenda, ila hawakumsikiliza.

Wengine watasema: « Prefe yupo, mkurugenzi wa nidhamu yupo, walimu wapo, wa nini mtu mwingine? » Sisi tuliolelewa seminarini twaweza kuwajibu kwa mfano tulioujua tangu utoto. Huko kuna gombera, ambaye huamua nani abaki na nani aondoke. Kuna pia kiongozi wa kiroho, ambaye mseminari humfungulia moyo. Kanisa halikubali kuwachanganya hao wawili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 240, yakataza kumwuliza kiongozi wa kiroho au mwungamishi maoni yake inapoamuliwa kama mseminari apewe Daraja au aondolewe. Sababu yake ni wazi: kijana hawezi kumwambia siri zake mtu aliyeshika funguo za mlango wa kumtolea nje.

Mshauri wa shule si mwungamishi, wala siri yake si ya kitubio. Mtoto akiwa hatarini, mshauri hana budi kutafuta msaada. Lakini fikira ni ile ile. Yule mvulana wetu angewezaje kumwambia mkurugenzi wa nidhamu habari za magunia ya makaa, naye amesimama mbele yake kama mkosaji? Kwa mshauri angalisema. Na mshauri angalikuja kwetu na kutuambia: « Mwalimu, msimpige mtoto huyu kwa adhabu, tutafute njia. » Huenda leo angekuwa darasani.

Ninyi wazazi, neno hili ni lenu zaidi kuliko la walimu. Mkutano wa wazazi ukifika, mmezoea kuuliza juu ya fedha na juu ya matokeo. Ulizeni na haya: shule yetu ina mshauri? Ana chumba ambamo mtoto aweza kusema bila kusikiwa na watu wa nje? Katika juma, ana saa ngapi za kuwaona watoto, na ngapi za kuandika karatasi? Kama shule haina uwezo wa kumlipa, basi ombeni mwalimu mmoja mwenye moyo wa kusikiliza apunguziwe masomo, apewe saa hizo, wala asipewe fimbo ya nidhamu. Na kama mtoto wako amesaidiwa, enenda ukamwambie prefe kwa kinywa chako. Wahenga walisema: aisifuye mvua imemnyea. Mshauri akijisifu mwenyewe, watu watadhani atafuta mshahara. Lakini mzazi akisema, « Mwanangu alikuwa amepotea, sasa amerudi masomoni », nani atambishia?

Nanyi washauri, andikeni mabadiliko ya watoto, hata katika daftari dogo, bila kutaja siri zao. Siku mtakapoulizwa mnafanya nini, fungueni daftari hilo.

Yule mvulana tulimwona tena mwezi uliopita, sokoni, chini ya gunia. Alitusalimu kwa heshima: « Jambo, mwalimu. » Safari hii tulimwuliza habari zake, tukasimama naye kitambo, naye akatueleza yote. Tulikuwa tumechelewa mwaka mzima.