UCHAMBUZI: Kenya ikipatanisha majirani, nani ataizimia Kibera moto mwaka 2027?

JUNI 25, 2024, kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya wapatao 400 kiliwasili Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kusaidia kurejesha utulivu katika nchi iliyotekwa na magenge. Siku hiyo hiyo jijini Nairobi, waandamanaji waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walivamia majengo ya Bunge, polisi wakafyatua risasi na watu wakauawa.

Mabalozi wa nchi kadhaa za Magharibi walitoa taarifa ya pamoja wakieleza kushtushwa kwao. Siku moja kabla, Marekani ilikuwa imeiidhinisha rasmi Kenya kuwa mshirika wake mkuu wa kijeshi nje ya muungano wa NATO.

Ukinzani huu haukuanza jana. Katika orodha ya mataifa dhaifu iliyochapishwa na jarida la Foreign Policy la Marekani mwaka 2009, Haiti ilikuwa ya 12 na Kenya ya 14. Miaka 15 baadaye, mgonjwa wa kitanda cha 14 akatumwa kumuuguza wa kitanda cha 12.

Orodha za aina hiyo zina kasoro zake, na serikali haikosi hoja inapozikataa. Kipimo cha kuaminika zaidi kiko Kibera na Kawangware, mitaa ambayo wakazi wake wengi hulinda malango, hufua nguo na kukata nyasi katika makao ya Lavington na Kilimani, wanakoishi maafisa wengi wa kibalozi na wa mashirika ya kimataifa.

Januari 9, 2005, uwanja wa Nyayo, kilomita chache tu kutoka Kibera, ulishuhudia kutiwa saini kwa mkataba uliomaliza vita vya Sudan Kaskazini na Kusini. Miaka mitatu baadaye, Januari 2008, Kibera yenyewe ilikuwa ikiwaka. Soko la Toi liliteketezwa, na vijana wakang'oa reli inayopita mtaani humo kuelekea Uganda. Wapatanishi wakageuka kuwa wapatanishwa: alifika John Kufuor wa Ghana, kisha Kofi Annan akiandamana na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Februari 28, 2008, mwafaka ulitiwa saini mbele ya Harambee House, Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akiwa shahidi. Zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameshauawa.

Mwafaka huo uligawa vyeo vya serikali ya mseto. Haukugusa maji wala kodi ya nyumba. Mkazi wa Kibera huendelea kununua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa wachuuzi, mara nyingi kwa bei inayozidi ile anayolipa mwenye mfereji ndani ya nyumba huko Lavington. Sehemu kubwa ya ardhi anayoishi ni ya serikali, ilhali mwenye nyumba anayemtoza kodi hana hatimiliki.

Kawangware ni tofauti kidogo. Huko ardhi nyingi ni ya watu binafsi, na mara nyingi mwenye ploti na mpangaji wametoka jamii mbili zinazopigia kura wagombea tofauti. Ndiyo sababu, uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017 ulipokwisha, ugomvi wa urais uligeuka ndani ya siku moja tu kuwa ugomvi wa vibanda na maduka, mengine yakachomwa.

Mradi wa kuboresha makazi, ambao serikali ilikubaliana na shirika la UN-Habitat mwaka 2003, ulihamisha familia za kwanza kutoka Soweto Mashariki hadi Lang'ata Septemba 2009. Ilichukua miaka sita, ingawa makao makuu ya shirika hilo yako papa hapa Nairobi, mtaani Gigiri. Hata hesabu ya watu ilitushinda. Sisi wahariri tulipitisha kwa miaka mingi habari zilizodai Kibera ina wakazi milioni moja, bila kumuuliza mwandishi alikoitoa idadi hiyo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban 170,000.

Kwa kukosa taasisi, utulivu wa Kibera ulitegemea mtu. Raila Odinga aliwakilisha Lang'ata, eneo bunge lililojumuisha Kibera, kuanzia 1992 hadi 2013. Mwafaka wa 2008, salamu za maridhiano za Machi 9, 2018 na makubaliano ya Machi 7, 2025 baina yake na Rais William Ruto yote yalipita mikononi mwake. Alipotamka neno, barabara zilifunguka. Alifariki Oktoba 15, 2025.

Marafiki wa nje nao wamepungua. Annan alifariki 2018 na Mkapa 2020. Tanzania iliyotupa Mkapa na Kikwete ilitikiswa na ghasia za uchaguzi wa Oktoba 29, 2025. Kongo ilimwita nyumbani balozi wake Desemba 2023 baada ya Corneille Nangaa kuzindua muungano wake wa waasi katika hoteli moja ya Nairobi. Sudan ilifanya vivyo hivyo Februari 2025, wapiganaji wa RSF walipokutana katika jumba la KICC.

Tume ya uchaguzi, kwa upande wake, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na Wakenya watapiga kura Agosti 2027. Wahisani watafadhili warsha za amani katika hoteli za kifahari, kama kawaida yao. Fedha hizo zingefaa zaidi zikielekezwa kwa kamati za amani za Laini Saba, Gatwekera na Gatina, ambako mpangaji na mwenye nyumba wanaweza kuketishwa pamoja mapema, kabla kampeni hazijapamba moto na kabla polisi hawajafika na vitoa machozi.