Taka za Mionzi: Jirani Aulizwe Kabla ya Shimo Kuchimbwa



Mwezi Mei 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa serikali ya Kenya wa kujenga kinu cha nyuklia katika pwani yao. Walikabiliwa na polisi. Mwaka 2025 mpango huo ukaelekezwa Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Wapo wasemao kwamba wavuvi wale hawaijui sayansi. Sisi wa Chumbageni, ambao bahari yetu na ya Kilifi ni moja, hatuafikiani nao.

Miongoni mwa hofu zao ilikuwa hatima ya taka, na hofu hiyo ina msingi. Plutoni iliyomo katika fueli iliyokwisha kutumika huchukua miaka 24,000 kupungua nusu yake. Hapana dola iliyopata kudumu muda huo.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme kweli yote. Taka hizi zipo tayari duniani, na kuzizika katika kina kirefu ni salama kuliko kuziacha juu ya ardhi. Huko Olkiluoto, Finland, pamechimbwa mapango yapatayo zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba mkongwe. Mbinu yake ni kutia fueli katika mitungi ya shaba, kisha kuizungushia udongo unaovimba upatapo maji. Na hapa Afrika, huko Oklo, Gabon, urani ilijiwasha yenyewe ardhini karibu miaka bilioni 2 iliyopita, na sehemu kubwa ya masalia yake haikusogea mbali. Basi mwamba mwema huweza kutunza amana.

Lakini je, wanadamu nao? Ujerumani ilitupa mapipa yapatayo 126,000 katika mgodi wa chumvi wa Asse, kati ya mwaka 1967 na 1978. Maji yakaanza kupenya mwaka 1988, na ukubwa wa tatizo ukawadhihirikia wananchi miaka 20 baadaye. Mwaka 2013 ikatungwa sheria ya kuyatoa mapipa hayo, kazi iliyo ngumu na ya gharama kubwa mno. Mgodi ulivuja maji; imani ya watu nayo ikavuja.

Linganisheni na mji wa Eurajoki, ulipo Olkiluoto. Sheria iliupa haki ya kukataa, na mwaka 2000 baraza lake likaridhia. Ridhaa yenye uzito ni ya yule aliyeweza kusema hapana.

Jambo hili si la mbali. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na ghala kuu la taka za mionzi lipo Arusha. Julai 2025 kilizinduliwa kiwanda cha majaribio cha urani huko Namtumbo, na masalia ya uchimbaji wake nayo hubaki na mionzi.

Kwa hiyo tunasema: swali la taka liulizwe siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Jirani apewe haki ya kukataa. Vipimo vya maji na udongo visomwe hadharani, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Wajukuu watakaoirithi ardhi hii hawapo barazani leo. Sisi ndio wasemaji wao.