Dhahabu ya Nyamongo na Kadi Tunazozitupa

Mgodi wa North Mara, uliopo Nyamongo wilayani Tarime, umezalisha dhahabu tangu mwaka 2002. Kwa miaka mingi dhahabu hiyo imesafishwa nje ya nchi, na sehemu ya dhahabu ya dunia huishia katika viwanda vya elektroniki. Huko hugeuzwa utando mwembamba, ambao kwa kawaida haufikii unene wa elfu moja ya milimita, ukapakwa juu ya nikeli na shaba kwenye meno ya kadi za kompyuta: kadi za picha, za sauti, za mtandao. Kompyuta hizo zikishachoka kwa wenzetu huletwa kwetu kama msaada au mtumba. Zikiota ukungu wa kijani, tunazitupa.

Hoja yangu ni hii: kadi iliyoliwa na kutu mara nyingi haijafa. Tunapoihukumu kabla fundi hajaigusa, tunajihukumu wenyewe kwamba tumejifunza kupokea na kununua, lakini hatujajifunza kutengeneza.

Tuanze na kutu yenyewe, maana wengi huiogopa bila kuijua. Kompyuta nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na betri ndogo ya nikeli na kadimi iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi. Betri hiyo ikizeeka huvuja. Kinachovuja si asidi, bali ni alikali, nayo hutambaa hadi kwenye matundu ya kadi na kuila shaba. Dhahabu yenyewe hailiki; kinacholiwa ni shaba iliyo chini yake, pale utando ulipochubuka. Unyevu wa stoo isiyo na hewa humalizia kazi.

Tiba yake haihitaji maabara ya Ulaya. Betri hukatwa na kuondolewa. Siki au maji ya ndimu hupakwa kwa mswaki ili kuivunja nguvu ile alikali. Kadi huoshwa kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa spiriti, ikaachwa ikauke kabisa. Meno husuguliwa taratibu kwa raba laini, kwa kuwa raba kali huondoa dhahabu yenyewe. Ndipo fundi huchukua mita, akapima njia za shaba moja baada ya nyingine. Iliyokatika huungwa kwa uzi mwembamba wa shaba, na kapasita iliyovimba hubadilishwa. Kazi hii inadai macho, subira na mkono uliotulia. Ni kipi kati ya hivyo ambacho kijana wa Mugumu au wa Sirari hana?

Taifa hili lina historia ya kuikwepa kazi hiyo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake yakazaa matatizo na hasara, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo tumegeukia upande wa pili: tunazipokea zote, za kufaa na zisizofaa. Mikondo hii miwili yaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Aliyekataza na anayepokea bila kuuliza wote wanakiona chombo kama kisanduku kilichofungwa, chenye siri ya watu wengine.

Vivyo hivyo, mwaka 2017 taifa zima lilisimama kwa ajili ya makontena 277 ya makinikia yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam. Tulitaka kujua kila chembe ya madini iliyokuwa ikiondoka, na tulikuwa na haki. Lakini ni nani anayehesabu mbao za saketi zinazoingia, zikafa na kutupwa? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na kwamba barani Afrika chini ya asilimia 1 ya taka hizo ndiyo iliyorejelezwa kwa utaratibu rasmi. Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unakataza kuingiza taka za sumu barani mwetu. Lakini kifaa kinachoingia kama msaada na kikafa baada ya miezi sita hakikuitwa taka bandarini. Kimekuwa taka mikononi mwetu.

Wapo watakaosema: kadi za miaka 30 zina faida gani, ilhali haziendeshi programu za leo? Swali ni la haki. Si kila kadi inastahili kufufuliwa, wala sisemi mwanafunzi aandike insha yake kwenye mashine ya mwaka 1992. Lakini kadi kuukuu ni mwalimu bora. Vipande vyake ni vikubwa, njia zake zaonekana kwa macho, na kosa la mkono halimgharimu mtu mamilioni. Aliyeiponya hiyo hataogopa kufungua mashine ya kupimia ya hospitali au kifaa cha maabara. Tena zipo mashine za viwandani na za maabara, duniani kote, ambazo hadi leo hutegemea kadi za aina hiyo. Kadi ikifa, mashine nzima ya thamani kubwa hulala.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Leo tunao mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Basi nauliza: somo la kompyuta litabaki kuwa la kubonyeza vitufe hadi lini?

Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kuanza kesho kwa mambo matatu. Kwanza, kifaa chochote cha umma kisifutwe kwenye daftari la mali kabla fundi hajakipima na kuandika alichokikuta. Pili, kila chumba cha kompyuta cha shule kiwe na meza ya ufundi: mita, chuma cha kulehemu, siki, spiriti, na dirisha la kutoa moshi. Tatu, mafundi wa redio na simu wa sokoni, wanaofanya kazi hii kila siku bila cheti, waalikwe shuleni na walipwe kama walimu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kadi huzibwa kwa uzi wa shaba wenye unene wa unywele. Ukuta ambao tutalazimika kuujenga ni kompyuta mpya kila baada ya miaka michache, kwa fedha za kigeni, ikiwemo fedha ya dhahabu ya Nyamongo.