Kabambe Haistahili Kubezwa

Yapata miezi mitatu sasa tangu niiweke kando kabambe yangu, ile ambayo wengi huiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, nikanunua simu ya kisasa yenye kioo cha kugusa. Sitakuwa mnafiki: nimefaidika. Picha za wajukuu hunifikia kwa WhatsApp siku iyo hiyo, na gazeti nalisoma nikiwa ndani ya matatu.

Lakini siku moja stima zilipotea mtaani kwetu tangu alfajiri. Kufikia saa kumi jioni simu hiyo ya fahari ilikuwa imezimika. Usiku huo mama yangu, aliye kijijini, alizidiwa na ugonjwa. Ndugu zangu wakanitafuta wasinipate, na habari nikaipokea asubuhi kupitia kwa jirani. Kabambe ingalikuwa hai, kwani chaji yake ilinitosha siku nne au tano. (Mama alipata nafuu, namshukuru Mungu.)

Ndiposa nawastaajabia wanaotucheka sisi wa simu za vibonyezo. M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007 ilitumika katika simu zizo hizo, bila intaneti, na hadi leo zatuma pesa bila taabu. Mbona basi wauzaji hutusifia kamera tu, wasiseme neno kuhusu chaji?

Laini ambayo mama anaijua nimeirudisha kwenye kabambe. Ile simu nyingine nimeinunulia laini yake, ya picha na magazeti.