Emotikoni Jongefu Si Kazi ya Wasio na Kazi

Imani iliyoenea miongoni mwa wazazi, walimu na hata baadhi ya wasanii wenye majina ni kwamba mtu mzima anayetumia jioni zake kuchora emotikoni jongefu, yaani vile vijisura vya kompyuta vinavyokonyeza, kucheka au kububujikwa na machozi kwa kujirudiarudia, anapoteza wakati kwa mchezo wa kitoto usiohitaji ujuzi wowote. Imani hiyo huonekana kuwa ya busara, kwa kuwa ni vigumu kusadiki kwamba kitu kinachotazamwa kwa sekunde mbili kisha kikasahaulika kimemgharimu mtu akili. Kosa lake ni kupima kazi kwa muda wa mtazamaji badala ya muda wa mtengenezaji, na kwa kipimo hicho methali, ambayo husemwa kwa pumzi moja, ingekuwa fasihi duni kuliko barua ya malalamiko ya kurasa kumi.

Asili ya emotikoni ni alama za kawaida za uandishi. Tarehe 19 Septemba 1982, mtaalamu wa kompyuta Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano ya kufunga vitumike kuonyesha kwamba maneno yaliyoandikwa ni utani. Mwendo ulikuja baadaye kupitia GIF, muundo wa faili za picha uliotolewa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, ambao toleo lake la 1989 liliruhusu kila fremu, yaani kila picha moja katika mfuatano, ipangiwe muda wake wa kuonekana, na pia liliruhusu sehemu ya picha iachwe wazi bila rangi.

Ugumu wa kazi yenyewe unaanzia kwenye ukubwa. Wachoraji wengi waliojifunzia ufundi huu katika DeviantArt, jukwaa la sanaa la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000, walizoea sura ya njano yenye upana wa pikseli 15 na kimo cha pikseli 15, pikseli ikiwa ni kile kijiraba kidogo kabisa cha rangi kinachounda picha ya kompyuta. Jumla yake ni pikseli 225, na hata hizo hupungua kwa kuwa pembe hukatwa ili sura iwe duara. Mdomo ukisogezwa kwa pikseli moja tu, umehama sehemu moja ya kumi na tano ya uso mzima, jambo ambalo kwa uso wa binadamu wenye urefu wa sentimita 20 lingekuwa sawa na mdomo kuruka zaidi ya sentimita moja. Kwa hiyo mchoraji anayetaka tabasamu lichanue taratibu hawezi kuisogeza pikseli. Hana budi kuiacha mahali pake na kubadilisha kidogo kidogo wekundu au weusi wa pikseli jirani, mpaka jicho la mtazamaji lidanganyike kwamba kuna kitu kimesogea.

Ndipo linapokuja suala la muda, ambalo wakosoaji hawalifikirii kabisa. GIF huhesabu muda wa fremu kwa sehemu za mia za sekunde, na kupepesa jicho kunaweza kuonyeshwa kwa fremu mbili tu, moja ya jicho lililo wazi kwa sekunde mbili na nusu na nyingine ya jicho lililofumba kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Mchoraji akizipa fremu hizo muda ulio sawa, sura iliyokusudiwa kuwa tulivu inageuka mgonjwa wa macho. Emotikoni inayoruka hulazimika kwanza kuchuchumaa, na katika kuchuchumaa huko ikipoteza safu moja ya pikseli kwa kimo sharti iongezwe upana, la sivyo itaonekana imenywea. Kanuni hizi, za kutangulizia tendo dalili yake na za kubonyea na kunyooka kwa umbo, ni miongoni mwa 12 ambazo Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walizieleza katika kitabu chao cha mwaka 1981. Anayezitumia sebuleni kwake bila mshahara hatumii kanuni nyepesi zaidi.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi programu hufanya yote hayo. Programu zinaweza kweli kukokotoa picha za kati baina ya fremu mbili, lakini kwa ukubwa huu matokeo yake mara nyingi ni ukungu, kwa kuwa umbo linaloangukia katikati ya pikseli mbili halina pa kukaa. Aidha, katika GIF pikseli ama ina rangi kamili ama ni wazi kabisa, hivyo ukingo uliolainishwa kwa ajili ya ukurasa mweupe huacha mzingo mbaya wa weupe sura inapowekwa kwenye ukurasa mweusi, na mkono wa mtu ndio unaousafisha.

Udogo haujawazuia wataalamu wa sanaa kuuona ustadi huu. Mwaka 2016 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilipokea katika hazina yake emoji 176 alizozibuni Shigetaka Kurita kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ya Japani mwaka 1999, kila moja ikiwa na pikseli 12 kwa 12. Ni haki kukiri kwamba Kurita alikuwa kazini, na kwamba emotikoni nyingi za wapenzi wa fani hii ni mbovu, nyingine zikiwa sura za wenzao zilizobadilishwa rangi tu. Lakini ubovu wa wengi haujawahi kuwa hoja dhidi ya ushairi.

Katika Afrika ya Mashariki dharau hii ina gharama yake. Tangu WhatsApp ilipoanzisha stika mwaka 2018, na zile jongefu mwaka 2020, mazungumzo ya Kiswahili yamejaa nyuso zilizokatwa kutoka kwenye picha na video za watu, ilhali ishara za kwetu kama kusonya na kubetua midomo, ambazo maana yake imo katika mwendo na haiwezi kukamatwa na picha iliyosimama, zinangoja wachoraji. Kijana mwenye jicho la kuzichora huambiwa aache utoto.

Anayeendelea kushikilia kwamba kazi hii haina ujuzi na afungue faili moja, aikague fremu kwa fremu, aeleze kwa nini moja imepewa muda mrefu kuliko iliyoitangulia, kisha achore ya kwake inayosonya. Mpaka afanye hivyo, hana sifa ya kuihukumu.